Mkono Ulioripoti Kazini

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Mama Kola alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, akafunikwa macho kwa taulo, na mtaalamu wa tiba ya mikono akaanza kumgusa vidole kwa kipande cha pamba. Alitakiwa ataje kidole kinachoguswa. Kidole kidogo alikitaja upesi, karibu pamba haijatua. Ilipofika zamu ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, alisubiri, akasubiri tena, kisha akauliza kama wameshaanza.

"Tumeshamaliza, mama," mtaalamu alisema, akamwondolea taulo.

Kwenye meza ya pili fundi bomba aliyeumia kiwiko alikuwa akivuta mkanda wa mpira. Kwenye ya tatu muuza nyama, aliyejikata kano ya kidole kwa kisu chake mwenyewe, alikuwa akihamisha vibanio vya nguo kutoka ukingo wa ndoo hadi ukingo wa bakuli, akivihesabu kwa sauti ya mtu anayesingiziwa. Chumba kilinuka mafuta ya kuchulia. Dirisha lake moja lilitazama ukuta.

Mtaalamu alikuwa kijana wa maneno machache. Alibonyeza nyama iliyo chini ya gumba la Mama Kola, pale ambapo watu wengine wana kilima na yeye sasa alikuwa na bonde. Akamweleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa, kama mpira wa maji uliokanyagwa, na kilichoukanyaga ni miaka kumi na saba ya kushona kola za sare, kola mia nne na ishirini kwa siku. Mkono ulihitaji kupumzika wiki sita. Gango livaliwe mchana na usiku, mazoezi mepesi ya kutelezesha mshipa yafanywe mara tano kwa siku, na cherehani asiisogelee. Akiendelea kuchelewa, gumba halitarudi.

"Na zikiisha hizo wiki sita nitahisi?"

"Ukipumzika kweli, kuna matumaini."

"Daktari, matumaini ninayo nyumbani. Mimi nataka kuhisi maji."

Akaeleza. Binti yake alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, na bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha mjukuu. Alhamisi iliyopita alitia vidole kwenye beseni, akaona maji yako sawa, akamshusha mtoto. Mtoto alipiga ukelele uliowaleta majirani mlangoni. Miguu yake ilibaki myekundu siku mbili. Binti hakumlaumu. Alilichukua beseni, akasema, "Pumzika, mama," na tangu hapo akawa anamwogesha mwenyewe. Mama Kola alisema afadhali angetukanwa.

Mtaalamu hakusema pole. Alichovya kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, kikalegea, akakikunja juu ya kiganja cha Mama Kola mpaka kikashika umbo lake, akakitia mikanda mitatu. Hilo ndilo lilikuwa gango.

Kiwandani, langoni, palikuwa na mashine ya kusoma alama za vidole. Aliyekosa kubonyeza hata siku moja alifutwa kwenye orodha, na mashine haikuwa na mahali pa kuiombea msamaha. Wagonjwa nao walitakiwa wabonyeze kila asubuhi, ili ijulikane kwamba wako likizo ya ugonjwa. Mpiga pasi mmoja aliwahi kubonyeza akiwa juu ya machela. Watu walimshikia machela, akabonyeza, wakaendelea naye hospitali.

Siku nne za kwanza Mama Kola alitembea dakika arobaini kwenda kubonyeza na dakika arobaini kurudi, gango likiwa limefunika kila kitu isipokuwa vidole. Siku ya tano mtoto aliamka na homa, na binti alikuwa hoi kwa kukesha, akizungumza na sufuria akidhani ni mama yake. Mama Kola alisimama mlangoni, asijue aende au abaki. Ndipo alipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa kiwanda kile angelifanya. Alifungua mikanda mitatu, akautazama mkono wake wa kulia, akauambia, "Basi nenda wewe. Bonyeza, urudi. Usiingie ndani."

Mkono ulichomoka kifundoni bila damu, kama kifungo kinavyotoka kwenye tundu lake. Ukashuka kwenye kanga ya kiunoni, ukapita chini ya mlango, ukaufuata ukuta kwa vidole vyake vitano. Kwenye barabara kubwa ulisimama kusubiri magari yapite. Mshona mifuko ya sare, ambaye meza yake ilikuwa ubavuni mwa ya Mama Kola, aliukuta pale, akautia kwenye mkoba wake juu ya chombo cha chakula cha mchana, maana walikuwa wanaelekea kulekule.

Mashine iliusoma, lango likafunguka. Siku nne zilizotangulia Mama Kola ndiye aliyekuwa akiuburuta kurudi nyumbani; leo hapakuwa na wa kuuburuta. Mlinzi alitaka kuupekua, akaona hauna mahali pa kuficha kitu, akaupisha. Ulikwenda moja kwa moja kwenye cherehani yake. Mshona mifuko aliusaidia kukanyaga kwa mguu wake wa kushoto, na wa kulia akakanyagia mifuko yake.

Kufikia mchana mkono ulikuwa umeshona kola mia mbili na thelathini. Msimamizi aliutazama kwa muda, akaona kwamba hauendi chooni, hauna porojo, na hautaki kiti. Akaliandika jina la Mama Kola kwenye safu ya waliopo.

Jioni ulirudi ndani ya mkoba, umevimba, ukajipachika mahali pake. Mama Kola aliukemea, akaufunga gango, akaufanyisha mazoezi. Asubuhi alipoamka haukuwepo. Gango lilikuwa limelala kitandani, mikanda yake imefungwa vizuri.

Alijaribu kila njia. Aliufunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, lakini mkono uliozoea nyuzi hautishwi na fundo. Alifunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa ukishikwa na mkono huohuo miaka yote. Mwishowe aliweka ubavu chini, akauweka mkono juu ya mto, na akaubembeleza kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Aliuambia kwamba unaisha. Aliuambia kuhusu miguu ile myekundu, na jinsi binti sasa anavyolifunga pazia anapomwogesha mtoto. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Mkono ulilala chali, ukasikiliza kadiri kitu kisicho na masikio kinavyoweza kusikiliza. Saa kumi na mbili asubuhi ukaondoka.

Jumanne ya wiki ya tatu mtaalamu alinyoosha kiganja ili apokee mkono, akapokea mkono mtupu wa shati.

"Wenyewe uko wapi?"

"Kazini."

Aliandika kwenye kadi kwamba mkono haukuhudhuria. Mama Kola alikuwa wa nne mwezi ule. Akamchua bega na shingo, akamkunja na kumkunjua kiwiko, kwa kuwa hivyo vilikuwepo, kisha akakaa na kuandikia kiwanda barua ya kurasa mbili. Alieleza habari ya mshipa, ya nyama ya gumba inayokauka, ya meza ambazo zingeinuliwa kiasi cha upana wa vidole vinne tu na kifundo kikapata nafuu. Alichora hata picha ya meza.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja, aya moja. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mfanyakazi husika amehudhuria kila siku na kazi yake imeongezeka. Aliye kazini hawezi kuwa mgonjwa. Likizo yake imefutwa. Kiwanda kinamshukuru mtaalamu kwa picha.

Mtaalamu aliyasoma kwa sauti, akayakunja, akakaa na mikono yake magotini.

"Mama, mimi nilisomea mikono," alisema. "Malango sikusomea."

"Sasa mimi nifanyeje, mwanangu? Niambie hata uongo."

Hakumwambia uongo. Alileta mabakuli mawili ya maji, akamwonyesha namna ya kupima joto kwa kiwiko. Ngozi ya pale ilikuwa nzima. Mshipa wake unapita njia nyingine. Mama Kola alichovya kiwiko kwenye bakuli la kwanza, akasema moto. Kwenye la pili akasema sawa. Alirudia mara kumi na mbili bila kukosea hata moja. Muuza nyama aliacha vibanio, akaja kumwangalia, akasema hata yeye angempa mtoto.

Nyumbani binti alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amempakata mtoto kifuani.

"Utamshika na nini, mama?"

"Na huu wa kushoto. Kichwa atalaza hapa," akamwonyesha mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka pale ulipokoma.

"Mimi nitasimama karibu."

"Simama. Hata ukitaka nishike nguo."

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mama Kola alipima maji kwa kiwiko, akapima tena, akamwambia binti apime. Akamshusha mtoto taratibu. Mtoto alishtuka, kisha akalegea, akanyoosha miguu yake ambayo sasa ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Akarusha kangumi kake juu, upande wa kulia wa bibi yake, akashika. Alishika pale ambapo gumba lingekuwepo. Vidole vyake havikufumba mpaka mwisho. Vilibaki wazi kiasi cha unene wa gumba la mtu mzima, vikiwa vimekaza kweli, na alivuta.

Mama Kola alitulia, akaelekeza akili yake yote pale. Hakuhisi kitu. Alimsubiria mtoto dakika nzima, na nyingine, huku machozi yakidondoka kwenye beseni. Binti alidhani maji ni ya moto, akatia kiwiko, akakuta yako sawa. Walimwacha mtoto ashike mpaka maji yalipoanza kupoa.

Jumatatu jioni mshona mifuko aliuleta mkono kama kawaida, pamoja na barua ya onyo la kwanza. Barua ilisema kwamba siku ya Ijumaa, kuanzia saa nne na dakika kumi mpaka saa nne na dakika kumi na tisa, mkono wa kulia wa meza ya kumi na nne ulisimamisha kazi bila ruhusa, na ulipoitwa mara tatu na msimamizi haukuitika. Ukirudia utafutwa kwenye orodha.

Mama Kola aliisoma, akairudia.

"Ulikuwepo?" akamuuliza mwenzake.

"Nilikuwa nakanyaga. Nikaona kitambaa hakiendi. Kutazama, umelala chali juu ya kola, gumba limenyooka tu. Ukiangalia vizuri, shosti, ngozi yake ilikuwa imebonyea pande zote, kama kuna mtu kalikamata."

"Ukauambia nini?"

"Ningeuambia nini, na msimamizi kanisimamia kichwani?"

Chini ya barua palikuwa na mstari wa kutia sahihi, wa kukiri kosa, na barua ilitakiwa irudi asubuhi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshajipachika kifundoni, ila kalamu haikukaa. Ilidondoka mara tatu. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, jina lake lote, herufi zikipanda na kushuka.

Mshona mifuko alipoondoka, Mama Kola alikwenda kwa mtoto aliyelala. Kwa mkono wa kushoto alilishika gumba lake la kulia, akaliingiza ndani ya kangumi kale. Mtoto alilikamata usingizini. Bibi alikaa hapo ameinama mpaka mgongo ukamuuma, akisubiri. Binti alipokuja kuuliza kama anahisi chochote, alitikisa kichwa.

Kesho yake mkono uliondoka nusu saa kabla ya muda wake, haukusubiri hata mkoba.