Ingovyi ya Ndayikunda

Ndayikunda alijifungulia kwenye benchi la wagonjwa, dakika chache baada ya mtumbwi wa mashine kumshusha karibu na zahanati yetu ya ufukweni. Ilikuwa Novemba 1993, na watu walikuwa wakikimbia Burundi kila siku. Mimi, Aikande, nesi niliyehamishiwa Kigoma kutoka Machame bila kuulizwa, nilikuwa peke yangu zamuni. Kichwa cha mtoto kilitoka kimefunikwa utando mwembamba, macho na pua vyote ndani. Niliupasua, nikaubandua, mtoto akalia. Utando nikautia kwenye ndoo pamoja na kondo la nyuma, ndoo ikaenda shimoni. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Muganga," akasema yule mama, "ingovyi ya mwana. Nipe."

Neno hilo nililijua, au nilijidai kulijua. Wanawake wa Kiha wa kijiji cha Mwandiga walikuwa wamenifundisha: ni mbeleko. Nikamwangalia, hakuwa na nguo zaidi ya ile iliyolowa. Nikatoa begini kanga ambayo mama yangu alinibebea mgongoni, imepauka, na ambayo nililala nayo kila siku kwa sababu nilikumbuka nyumbani mpaka nikaumwa. Nikampa nikisema, "Ingovyi hii." Nilijiona mtu mwema kweli.

Aliitazama kanga, akanitazama mimi. "Urakoze," akashukuru, akamfunga mtoto humo.

Siku ya tatu alirudi na Bonifasi, Muha mwenye mtumbwi, aliyekuwa akienda Kagunga mpakani na kurudi. Bonifasi ndiye aliyenieleza, huku akikwepa macho yangu. Ingovyi ni neno moja kwa vitu viwili: mbeleko ya mgongoni, na kile mtoto anachotoka nacho tumboni. Ndayikunda alikuwa ameomba utando. Bibi yake aliukausha utando wa mtoto aliyezaliwa amefunikwa, akampa mtu wa kuvuka ziwa, na mtu huyo hakuzama. Sasa Petero, mume wa Ndayikunda, alikuwa amerudi Burundi kumfuata mama yake mzazi, na wangevuka kwa mtumbwi wowote watakaoupata.

"Uko wapi, sista?" akauliza Bonifasi.

"Shimoni. Tumeshamwagia chokaa."

Nilitegemea kilio. Na kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nikaanza kufoka: ule ni utando tu, haumzuii mtu kufa maji, acheni mambo ya kizamani! Ndayikunda alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akamshusha mtoto, akaikunjua kanga ya mama yangu, akaing'ata ukingoni na kuipasua. Roho iliniuma. Alitoa utepe wa upana wa kiganja.

"Umeiita ingovyi wewe mwenyewe, muganga," akasema. "Mwana amelala humo siku tatu. Ni ingovyi."

Bonifasi akautia utepe kwenye mfuko wa shati ampelekee Petero, akaenda zake.

Ndayikunda akawa anashinda ufukweni. Alikataa kumpa mtoto jina. "Se wiwe arafise izina," aliniambia, kisha akanifafanulia: baba yake ndiye mwenye jina la kumpa. Daftarini niliandika Mtoto wa Ndayikunda. Kila mlo alimwekea Petero kipande cha muhogo, na jioni alikila mwenyewe kikiwa kimepoa. Nilimcheka, halafu nikaacha.

Wiki ya tatu Bonifasi alirudi na watu. Ndayikunda aliingia majini mpaka kiunoni, akiangalia uso mmoja mmoja. Utepe ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa kwenye mkono wa bibi kizee.

"Nafasi ilikuwa moja," akasema mama yake Petero. "Alinifunga mimi."

Nilidhani atamchukia. Ndayikunda alipiga goti, akamkabidhi mjukuu wake, akaichukua kanga na kupasua utepe mwingine. Huo ulirudi vile vile na Bonifasi, Petero hakuonekana. Wengine walisema amekwenda Rumonge, wengine walisema ameshapanda mtumbwi wa watu wasiojulikana. Ndayikunda akapasua wa tatu, na wa nne. Hakutuma ule wa zamani hata mara moja. Alitaka uliotoka mgongoni kwake asubuhi ile ile, wenye joto la mtoto. Kanga ikazidi kupungua. Ilipofika Machi haikumfunga mtoto tena, akawa anabebwa na bibi yake katika blanketi.

Ndipo malori yakaja kuwapeleka kambini, mbali na ziwa. Ndayikunda aliniletea kilichobaki.

"Huko hakuna maji, muganga. Kaa nayo wewe." Akaniwekea mkononi, akanifumba vidole. "Akija, mwambie mwanawe hana jina."

Mimi siamini mambo haya. Nimesoma, nina cheti. Lakini kila Bonifasi alipowasha mashine nilikuwa pale na utepe wangu, na nilimkumbuka Petero, mtu nisiyewahi kumwona, kama ninavyomkumbuka mama yangu.

Leo asubuhi kilibaki kipande kimoja, hakizidi kiganja. Bonifasi alinyoosha mkono. Nilikitazama, nikashindwa kukitoa chote. Nikakitia mdomoni, nikakipasua katikati kwa meno.