Watu Saba Sebuleni

Fundi wa viyoyozi alipouliza sebuleni hukaa watu wangapi, Mzee Wembe, kinyozi mstaafu, alijibu bila kupepesa macho: "Saba." Bintiye, aliyekuja kulipia mashine, akageuka kumtazama. Tangu mama yake afariki, sebule ile ilikuwa ya mtu mmoja na redio yake.

Fundi hakuwa mtu wa papara. Alikuwa ameshapima chumba na kuliangalia dirisha linalopigwa na jua la mchana. "Mkiwa saba, mzee, nitaweka kubwa. Ukiwa peke yako, hiyo kubwa itapoza upesi, izime kabla haijakausha hewa. Utabaki na baridi yenye unyevu, na hicho kifua chako nakisikia kinavyokoroma."

"Weka ya saba," mzee akasema. Ubishi alizaliwa nao. Hata wateja aliwanyoa alivyotaka yeye.

"Baba, hao saba ni nani?" binti akauliza.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Wewe, mumeo, wanenu wanne, na mimi. Si ulisema hamji kwa sababu kwangu joto, watoto wanatoka vipele? Basi joto naliondoa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya binti ilikuwa imefika ukingoni. Alilisema neno lile kwenye simu, harakaharaka, apate kukata. Mzee wa watu akaliamini, akaanza kulitafutia dawa. Aibu ikamshika binti, na huruma ikazidi aibu.

"Dada," fundi akasema taratibu, "nipeni idadi ya kweli. Hapa nikikosea, atakayeugua ni mzee."

"Weka ndogo," binti akasema. "Ya mtu mmoja." Kisha akamgeukia babake. "Tutakuja, baba, hata tukitoka jasho. Haikuwa joto. Ni kile kiti cha mama pale pembeni. Nikikiona kitupu nashindwa kukaa."

Mzee akazungusha pete kidoleni.

"Hata mimi hukipa mgongo," akasema. "Nilitaka mje ili mmoja wenu akikalie."

Fundi akatoka kwenda kuchukua ngazi, ingawa hakuihitaji bado. Binti akavuka sebule, akaondoa mto uliokuwa umeshika vumbi, akakaa.