Maziwa ya Mama Mia na Kumi na Nne

Mkono wa Esta ulianza kutetemeka tena palepale kwenye foleni. Mama yake, Mokami, aliubana kwa vidole vyake mpaka ukatulia, kisha ukaanza upya. Mtoto alikuwa na miezi tisa na hajaweza kukaa mwenyewe hata siku moja.

Foleni ilikuwa ya wanawake wa Kewanja wanaoosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, miaka nenda rudi. Mwezi wa tatu watafiti walikuja wakachukua damu yao, wakampa kila mmoja namba na mche wa sabuni, wakaondoka zao. Leo walikuwa wamerudi na hema jeupe.

Ndani ya hema aliketi Filemoni, kijana wa Nkende aliyeajiriwa na mradi, na kishikwambi mkononi. Nyuma yake ilining'inia picha ya jengo refu la vioo.

"Mama mia na kumi na nne, karibu. Leo tunachukua maziwa."

"Nipe kwanza majibu ya damu yangu."

"Majibu ni ya mradi, mama. Unaona pale?" Akaonyesha picha. "Ndiko kwao watafiti. Ni kanchi kadogo tu, kwa gari unakamaliza saa moja. Lakini maabara zake, dunia nzima inazipigia foleni. Damu yako imepanda ndege. Mimi mwenyewe sijapanda."

Mokami alikinyooshea kidole kishikwambi. "Majibu yamo humo kwenye hicho kioo?"

Filemoni alikitazama. Kisha akakilaza kifudifudi mezani.

"Mura, kijana wangu, sitaki karatasi. Niambie kitu kimoja. Huyu nimnyonyeshe, au nimwachishe?"

"Nilisaini fomu ya siri. Nikisema, sina kazi."

"Nimekuuliza habari ya mtoto."

"Ukimwachisha umetoka kwenye utafiti." Sauti ilikuwa imeshuka. "Wao wanataka watoto wanaonyonya. Na aliyetoka hapewi dawa ya mtetemeko."

Hasira ilimpanda Mokami mpaka masikio yakaziba. Alitamani kuipindua ile meza na kila kilichokuwa juu yake. Lakini boksi la dawa lilikuwa chini ya meza hiyohiyo. Akafungua vifungo, akakamua kwenye chupa aliyopewa. Maziwa yalitoka meupe, mazuri, kama ya mama yeyote. Esta alisikia harufu yake, akaanza kulia.

Filemoni alivaa glavu. Akavaa na nyingine juu yake. Aliipokea chupa kwa ncha za vidole, akaibandika karatasi nyekundu yenye alama ya fuvu, akaiweka kwenye boksi la barafu na kulipiga kufuli.

Kisha akamsogezea Mokami kichupa cha dawa.

"Mnyonyeshe kwanza, mama," alisema bila kumtazama. "Hii hainywewi tumbo likiwa tupu."