Dirisha la Walevi

Siku hizi vijana wanazisaka picha za zamani za mji wetu, za enzi ya Wasovieti. Wanatazama tramu, kofia za akina mama, foleni za mkate, wanasema watu wa zamani walikuwa na utulivu. Mojawapo inawafurahisha wote: mwanamume amelala chali kwenye theluji kando ya kituo cha tramu, koti wazi, na nyuma yake bibi mmoja anapita na mkate kwapani bila hata kugeuza shingo. Mtu yule alikuwa jirani yetu, Yevlampi Ryabtsev, na hakuwa amelewa.

Yevlampi alikuwa dereva wa tramu. Vitani kipande cha bomu kilimwingia kichwani, na tangu hapo akawa na kifafa. Hakikumjia mara nyingi, na kila kilipokaribia alisikia harufu ya nywele zinazoungua, basi siku hiyo anaomba ruhusa, anasingizia jino. Wakuu wa depo, pale tramu zinapolala, hawakujua. Wangejua wangemshusha kwenye tramu, na chumba alichoishi na mkewe Taisia kilikuwa cha depo. Pombe hakuigusa, maana daktari wa jeshi alimwambia itamuua. Sisi tuliochangia naye jiko tulijua yote hayo na tukanyamaza. Hata Rem Golubkin, wa chumba cha pili, alijua. Aliwahi kusaidia kumgeuza ubavu pale ukumbini, povu likimtoka mdomoni.

Rem alikuwa kijana mchoraji wa ramani za reli hapo depo, na ndiye aliyeongoza klabu ya wapiga picha. Klabu ilipewa sanduku la kioo kwenye barabara kuu, mbele ya duka la samaki, ilijaze picha za walevi, wazembe na watoro, pamoja na majina yao na mahali wanapofanyia kazi. Watu waliliita dirisha la walevi. Walisimama hapo wakacheka kidogo, ndipo wakaingia kununua samaki.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi kifafa kilimwangusha Yevlampi kituoni, safari hii bila harufu yoyote. Rem alikuwa akipita na kamera yake shingoni. Akapiga picha, akasogea pembeni akapiga nyingine, akaenda zake. Yevlampi alizinduka mwenyewe, akajipangusa, akarudi nyumbani kwa miguu. Katikati ya wiki akawa dirishani, na chini yake maandishi: Ndugu Ryabtsev, dereva wa tramu, anapumzika.

Taisia alimkuta Rem jikoni akikaanga viazi.

"Rem, wewe unajua Yevlampi hanywi."

"Najua, dada Taisia."

"Sasa?"

"Dirisha lilibaki na nafasi moja." Akageuza viazi. "Halafu picha yenyewe nzuri. Kaitazame vizuri, umwone yule bibi wa mkate."

Taisia akamwomba aitoe. Rem akamshauri, kwa upole kabisa, aende kwenye kamati ya depo aeleze ni kwa nini basi mumewe alikuwa amelala pale.

Kamati ilimwita Yevlampi mbele ya wenzake. Akasimama akakiri kwamba alikunywa vodka nusu lita na hatarudia. Mmoja akamuuliza alishushia na nini. Yevlampi akafikiri, kisha akajibu alishushia na chai, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakamwondoa kwenye usukani hadi mwisho wa Mei, wakampa ufagio afagie reli. Nyumbani alimweleza Taisia kwamba ameridhika: mlevi hurudishwa kazini, mgonjwa harudishwi.

Taisia hakuridhika. Dukani wanawake walimpa maji ya matango ya chumvi ampelekee mume wake yamtoe uchovu wa pombe. Depo nako wanaume walianza kumletea Yevlampi glasi, na kila alipoikataa wakazidi kuchekelea, kwamba anajifanya mtawa. Siku moja wakamshika mikono wakammiminia mdomoni. Alirudi akitapika, akaangukia mlangoni, na kifafa hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote tulivyowahi kuona.

Kesho yake Taisia akaenda kwa mkuu wa depo akamwambia kila kitu. Mkuu alimsikiliza, akamwagizia chai, akamshukuru kwa uaminifu wake. Kabla ya jioni Yevlampi hakuwa na kazi, na chumba walitakiwa wakihame. Taisia alipouliza kama sasa picha itatolewa, mkuu alisema itatolewa ikipatikana nyingine, na kwamba nakala yake imekwisha kupelekwa kwenye maonyesho Moscow. Huko ilimpatia Rem tuzo na kamera mpya. Alitualika wote jikoni tunywe kwa ajili yake, na tulikunywa.

"Nilikubali kuwa mlevi," Yevlampi alimwambia mkewe wakifunga mizigo. "Nilikuwa nakaribia kurudi."

"Wangekuua, Yevlampi."

"Wangeniua nikiwa dereva."

Walihamia mji wa Vyksa, kwa dada yake Taisia, Kaleria, ambaye baadaye ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Yevlampi alijichukulia kistoo cha kuhifadhia kuni, akaweka kitanda humo, akapigilia komeo kwa ndani. Mezani alikuja, alikula, alijibu akiulizwa. Lakini hakumruhusu tena Taisia amguse, hata akiwa mgonjwa. Kifafa kilipomjia mchana, Taisia alisikia kichwa kikigonga mbao. Alisimama nje ya mlango na mto mikononi, akimwita jina, mpaka ndani kukatulia. Kisha akasubiri asikie kikohozi. Akishakisikia anarudi jikoni, na Yevlampi akitoka wanakula supu.