Chavua Kifuani mwa Mama Mkwe

Mume wangu Gerbrand ana subira ya punda. Miaka kumi na miwili amekuwa akizalisha mayungiyungi katika banda letu la kioo huku Andijk, Uholanzi. Anachanganya aina zisizo na udugu wa karibu, na kila mara kinachozaliwa ni kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi: kizuri cha sura, hakizai. Mwishowe akaloweka vipande vya tunguu katika dawa ya kuzidisha chembe za urithi, na majira haya ua moja, moja tu, likatoa chavua hai, ule unga wa kiume wa ua. Aliiona kwenye hadubini akalia. Ua jike lilikuwa tayari bandani. Kesho yake lingekuwa limenyauka.

Akaliacha lile dume lenye chavua jikoni, dirishani, lipate joto. Ilikuwa Jumapili, na mama yangu Neeltje akaja kwa kahawa baada ya kanisa. Kwetu mwanamke aliyelelewa vyema akiona yungiyungi hukwanyua vile vichwa vya chavua kabla havijachafua kitambaa cha meza. Mama amelelewa mno.

"Nimewasafishia lile ua," akasema, akikoroga kahawa. "Lilikuwa linamwaga uchafu."

Gerbrand akaweka biskuti chini. "Umevitupa wapi vile vichwa, mama?"

"Kwenye sinki. Nikafungulia maji."

Mume wangu akakimbilia sinki; hamna kitu. Mimi nilitamani kumzaba kibao mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Ndipo nikaona kwenye gauni lake jeusi, kifuani, doa la vumbi la kahawia: ile chavua.

Gerbrand akaleta brashi yake ndogo, akasimama mbele ya kifua hicho. Tangu tuoane hajawahi kumgusa mama zaidi ya kumpa mkono.

"Wewe, unataka kunifanya nini?"

"Hiyo ni miaka yangu kumi na miwili, mama."

"Na hicho ni kifua changu."

"Vua gauni basi," nikasema.

"Siku ya Bwana? Mbele ya mkwe? Una wazimu."

Kisha akamwona Gerbrand machozi yanamtoka. Akasukuma kikombe kando. "Yuko wapi huyo bibi harusi wenu?"

Bandani mama akainama, akafumba macho, akalikandamiza lile ua jike kifuani.

"Imetosha?"

"Kidogo kushoto, mama."

Wiki chache baadaye kifuko cha mbegu cha lile ua kikavimba. Mama akaja kukitazama.

"Atakayezaliwa humu," akasema, "hata awe mchafu vipi, ole wake atakayemkwanyua."