Kidonge cha Kabla ya Chai

Geti la nyumba yao alilichomelea fundi mwenyewe, na komeo lake ndilo lililokuwa likimpa mkewe habari. Likigongwa kwa kishindo, mke alijua siku imekwenda mrama. Alimtuma binti yao chumbani, akaondoa vikombe mezani, maana kikombe cha udongo hakina ubavu wa kugombana na ukuta. Likisukumwa polepole, alishusha pumzi. Kwa miaka mingi halikusukumwa polepole.

Halafu, bila kikao cha ukoo wala kemeo la mtu yeyote, mume akapoa. Akawa anavaa sweta juani na kusinzia kijiko kikiwa mkononi. Sauti iliyokuwa ikitikisa mabati ikawa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Karakana nzima ikamwita Kobe, naye hata hakukasirika. Binti yao, aliyezoea kujificha nyuma ya pazia, akaanza kufanya hesabu zake za shule ameegemea goti la baba.

"Umemlisha nini shemeji?" dada yake mke alimtania. "Nigawie na mimi, wa kwangu bado anachemka."

"Sijamlisha kitu. Mvumilivu hula mbivu."

"Haya. Ila ziangalie hizo mbivu, zisije zikawa zimeoza kwa ndani."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kwa hiyo moyo wa fundi ulipoanza kusumbua, wakaambiwa vali moja haifungi sawasawa na lazima apasuliwe, mke alilia kama anayenyang'anywa kitu alichokipata juzi.

Hospitalini, kabla ya upasuaji, waliitwa na daktari kijana, mwanamke, aliyekuwa akifanya utafiti kwa wagonjwa wa moyo.

"Mama, nachunguza tezi iliyo hapa," alisema, akigusa koo lake mwenyewe. "Ikilegea, mwili mzima unapoa. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa moyo anaweza kuchelewa sana kuamka, au asiamke. Naanza na maswali. Nikiona dalili, napima damu. Mzee amebadilika siku hizi? Baridi, usingizi, uvivu wa kusema?"

Fundi alikuwa anasinzia kitini. Mke akamtazama ile mikono iliyolala mapajani, mikono ambayo siku hizi haikumtisha mtu.

"Amebadilika amekuwa mtu mwema," alisema. "Ametulia tu. Umri, daktari."

"Na sweta?"

"Hospitali yenu ina baridi."

Wakacheka, daktari akaita mgonjwa mwingine. Mke hakuona kama amedanganya. Ila alijibu upesi, kama mtu anayefunika chungu wageni wasije wakachungulia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Moyo ukapiga vizuri. Mwenye moyo ndiye hakuamka. Siku zikapita amelala kwenye mashine ya kupumulia, uso umevimba, miguu baridi kama sakafu. Mke alikaa kwenye benchi la nje, akiomba jambo moja tu: arudi.

Daktari wa utafiti akaja kuketi kando yake.

"Mama, ile habari ya kutulia. Hebu niambie tena, taratibu."

Safari hii alisema yote: usingizi, kijiko, sauti, Kobe. Kila alichotaja, uso wa daktari ulizidi kusawijika. Damu ikachukuliwa, na jibu halikukawia. Tezi ilikuwa imekaribia kufa.

"Dawa ipo, tutampa kwa mpira wa puani," daktari alisema na kumshika mkono. "Atarudi, mama. Atarudi kama zamani."

"Kama zamani," mke alirudia. Daktari akadhani ni furaha.

Alikuwa amemwomba Mungu amrudishie mumewe, akasahau kutaja yupi.

Akarudi kidogo kidogo. Kwanza miguu ikapata joto. Macho yakafunguka, mpira ukatolewa, sauti ikaanza kusafika. Daktari alileta wenzake kumwonyesha mgonjwa wake, na mbele yao fundi akasukuma kikombe alichoshikiwa na mkewe.

"Haya ni maji au mkojo? Mwanamke, huna akili?"

"Mnasikia?" daktari alicheka. "Mgonjwa akianza kugomba, amepona!"

Nao wakacheka wote. Mke akainama kufuta maji.

Baadaye alimfuata daktari kwenye ukumbi.

"Daktari, ule upole. Ulikuwa wake, au wa ugonjwa?"

"Sijui, mama. Hilo hatukulipima."

"Na akiacha dawa?"

"Atapoa tena, moyo utachoka, na safari hiyo hatutamwamsha." Daktari alimkazia macho. "Kidonge kila asubuhi, tumbo tupu, kabla ya chai, maisha yake yote. Msimamie wewe. Nakuamini."

Nyumbani, fundi alitangaza kwamba dawa ni kazi ya mke. Akarudi karakana, na pale hakuna aliyethubutu tena kumwita Kobe. Jioni ya siku hiyo komeo liligongwa kwa kishindo. Kabla mlio haujaisha, binti alikuwa amekusanya madaftari na kuingia nyuma ya pazia. Hakusubiri kutumwa.

Asubuhi mke alipanga vikombe vya chai mezani, akatoa kidonge. Kilikuwa kidogo na cheupe, kikipotea kwenye mistari ya kiganja. Kingeweza kudondoka popote, na nani angejua? Pazia lilitikisika. Binti alikuwa anamtazama.

"Mbona umesimama kama nguzo?" fundi alifoka. "Lete!"

Akampa. Fundi akakitupa mdomoni, akashushia na maji, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono ule mzito, wenye joto.

Mke akasikiliza mpaka kikapita kooni. Kisha akaanza kuondoa vikombe mezani.