Pande Moja la Nyasi

Kitanda cha chumba cha Cuffley, pale hotelini, kilitaka mito tisa. Attracta Geraghty alikuwa akiupiga makofi wa sita simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa Jarlath, jirani aliyekwenda na wenzake kuchimba kaburi la baba yake Attracta.

"Tumefukuzwa getini, Attracta."

"Na nani?"

"Mlinzi. Anasema leo kuna harusi, mpigapicha anayataka makaburi yakiwa matupu. Eti turudi kesho asubuhi."

"Kesho ni Jumatatu!"

"Najua kesho ni siku gani, dada yangu. Si kwamba naamini mambo hayo. Ila kuchimba, sichimbi. Wala hao wenzangu."

Attracta aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa kabisa. Pale kijijini Rathcolman kaburi halifunguliwi Jumatatu. Ikilazimu, mtu wa nyumba ya marehemu huenda Jumapili akageuza pande moja la nyasi mahali pa kaburi, ili kazi ihesabike imeanza jana. Asipofanya hivyo, mwaka hauishi kabla ya mwingine wa nyumba ile ile kufa. Muulize mtu yeyote wa pale kama anaamini, atakucheka. Mwombe achimbe Jumatatu, atakumbuka ana ng'ombe anayetaka kuzaa.

Na nyumbani mwao walibaki wawili tu, yeye na kaka yake Festus, ambaye Alhamisi angepasuliwa moyo huko Galway. Festus alikuwa nyumbani saa hizo, akipokea wageni wa msiba kando ya jeneza la baba yao, akijichekesha. Attracta aliogopa, naye hakuona haya kuogopa.

Alishuka kwa ngazi za watumishi hadi ofisini kwa meneja, Bwana Loftus.

"Nipe dakika kumi tu makaburini, bwana."

"Attracta, pole sana kwa msiba." Loftus hakuinua macho kwenye kompyuta. "Lakini tulikubaliana. Mazishi kesho saa tano, jeneza lipitie geti la nyuma. Majirani wasipotaka kuchimba, tuna mashine ile ya bustani. Nusu saa, imekwisha."

"Mashine iliyochimbia bomba la vyoo?"

"Mashine ni mashine."

"Basi nipe ruhusa leo. Nimefiwa na baba."

"Mwongozo unasema ruhusa ya msiba inaanza siku ya mazishi." Sasa alimtazama, tena kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomkera Attracta zaidi. "Sikuuandika mimi."

Kweli, hakuuandika yeye. Waliouandika ni wenye hoteli, ambao hakuna mtu Rathcolman aliyewahi kuwaona, kama vile babu zao walivyokuwa hawawaoni akina Cuffley, wenye jumba wa zamani, isipokuwa msimu wa kuwinda. Baada ya akina Cuffley walikuja watawa na shule yao, baada ya watawa popo, kisha hoteli. Baba yake, Mzee Mattie Geraghty, alipalilia bustani ile chini ya wote, hata popo. Makaburi yalikuwapo kabla ya jumba. Ukuta ndio uliokuja baadaye ukayameza.

Alirudi chumbani kumalizia mito. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ile nyembamba isiyo na haraka. Dirishani aliwaona maharusi wakikimbilia ndani, bibi harusi amekumbatia gauni lake kama mzigo wa nguo chafu. Saa kumi kasoro dakika tano. Saa kumi kila Jumapili, Mwalimu Tierney huwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya jumba, na kituo chao cha mwisho ni makaburini. Tierney alikuwa na namba ya kufuli la lile geti dogo.

Attracta alitazama huku na huku akitafuta chombo. Kando ya meko palikuwa na sepetu ndogo ya shaba ya kuzolea majivu, yenye nembo ya akina Cuffley kwenye mpini. Aliitia chini ya aproni, akatoka.

Wageni waliofika kwenye geti dogo walikuwa kumi na wawili, wote na miavuli ya hoteli na mabuti ya hoteli. Mwalimu Tierney, aliyemfundisha Attracta kusoma miaka hamsini iliyopita, alikuwa akisoma karatasi aliyopewa.

"Wakati wa njaa kuu, familia ya Cuffley iliwapa wenyeji kazi ya kujenga ukuta huu..."

Alimwona Attracta nyuma ya miavuli. Akaona aproni ilivyobenuka. Mattie alikuwa rafiki yake wa kuvua samaki, na desturi ya Jumapili aliijua vizuri.

"Pita, binti yangu," alisema, akafungua geti.

Kaburi la akina Geraghty lilikuwa pembeni, kwenye ukuta. Attracta alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa. Sepetu ilikuwa butu, na ardhi ilikuwa imeshikana mizizi. Alikuwa amekata pande tatu, amebakiza upande wa nne, aliposikia sauti ya Loftus.

"Attracta! Unafanya nini mbele ya wageni?"

Attracta aliukata upande wa nne.

"Ni sehemu ya historia, Bwana Loftus," alisema Mwalimu Tierney. Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Mabibi na mabwana, babu wa babu wa huyu mama alibeba mawe ya ukuta huu kwa bakuli moja la uji kwa siku. Ulipokwisha, alifukuzwa shambani. Leo mjukuu wake anaomba ruhusa kuingia ndani ya ukuta huo amfungulie baba yake kaburi. Tukae kimya kidogo."

Mwanaume mmoja alivua kofia. Mwanamke aliyekuwa karibu alisogeza mwavuli wake juu ya kichwa cha Attracta. Loftus aliwatazama wageni, akarudi nyuma hatua moja.

Pande la nyasi likageuka, mizizi juu.

Attracta alilia hapo hapo magotini, kwa raha kabisa, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Alipompigia Jarlath, alisema neno moja tu: "Tayari."

"Basi saa kumi na mbili alfajiri tupo, na majembe yetu. Mashine yao wakachimbie vyoo."

Loftus alimfuata hadi mlango wa chumba cha kufulia. Hakuwa na hasira tena, macho yalimng'aa.

"Wageni wamependa mno, Attracta. Yule mwanamke alitokwa na machozi. Unaonaje tuwe tunafanya hivi kila Jumapili?"

"Mnitafutie maiti, bwana, nami nitakuja."

Alipanda hadi chumba cha Cuffley. Alifuta meza, akafuta vioo, akapanga mito mitatu iliyobaki. Sepetu aliirudisha kando ya meko jinsi ilivyo, udongo wa kaburi ukiwa umeifunika nembo.